Kabla ya Sura ya Tatu

DEO: Karibuni wasikilizaji. Ni mimi Deo, na pembeni yangu Dada Konso kama kawaida. Kuna kaka ametuandikia akisema mwanamume alipewa kumtawala mke tangu uumbaji, na anayepinga anapingana na Mungu.

KONSO: Ameruka kurasa huyo. "Naye atakutawala" iko Mwanzo 3:16. Hapo tunda limeshaliwa, watu wamejificha, na Adamu ameshamsukumia mkewe lawama zote. Mstari wa 18 unataja miiba na michongoma. Mbona hiyo tunaipalilia? Sijaona mkulima anayeiacha shambani ati ni mapenzi ya Mungu.

DEO: (anacheka) Hiyo kali. Papa Yohane Paulo II aliandika jambo hilo katika *Mulieris Dignitatem*, barua yake juu ya heshima ya mwanamke, tarehe 15 Agosti 1988. Alisema kutawala huko ni matokeo ya dhambi, kumevunja usawa wa mwanzo. Tena akaongeza kwamba mwanamume naye anapungukiwa heshima yake.

KONSO: Hapo wanaume huwa hamfiki. Sasa rudi sura ya kwanza. "Mwanamume na mwanamke aliwaumba," wote kwa mfano wake. Halafu wanaambiwa waijaze nchi, waitiishe, watawale samaki, ndege, wanyama. Wanaambiwa wote wawili! Katika orodha ya vya kutawaliwa, mke hayumo.

DEO: Atakujibu kwa sura ya pili: mwanamke ni msaidizi.

KONSO: Haya, pale mwenye shida alikuwa nani? Wanyama wamepitishwa wote, Adamu amewapa majina, na bado yuko peke yake. Mungu alishasema si vema. Anayesaidiwa ndiye mwenye upungufu, Kaka Deo.

DEO: Nakubali. Na kuhusu ule ubavu, Thomas wa Akwino, karne ya 13, anasema mwanamke hakutolewa kichwani ili asimtawale mume, wala miguuni ili asidharauliwe kama mtumwa.

KONSO: Zuri, lakini soma na kurasa za nyuma yake. Huyo huyo, akimfuata Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anasema mwanamke kwa umbile ana kasoro. Ni mtakatifu, ni mwalimu wa Kanisa, cheo cha watakatifu waliolifundisha Kanisa lote, na hapo alikosea. Tuseme tu.

DEO: Kanisa lenyewe limesogea. Mwaka 1970 Paulo VI aliwatangaza Teresa wa Avila na Katarina wa Siena kuwa walimu wa Kanisa, wanawake wa kwanza. Mwaka 2016 Papa Fransisko akaipandisha kumbukumbu ya Maria Magdalena ikawa sikukuu, sawa na mitume, maana ndiye aliyetumwa kuwapasha habari za ufufuko.

KONSO: Alitumwa kwa wanaume, na Luka anasema waliona ni upuuzi. Lakini altareni bado hapana.

DEO: Hapana. Yohane Paulo II alisema mwaka 1994 kwamba Kanisa halina mamlaka ya kumpa mwanamke upadre, na kwamba hilo halimpunguzii heshima. Ndugu zetu Walutheri wa KKKT wana wachungaji wanawake.

KONSO: Mimi natii, lakini maelezo hayajanitosha. Tusonge mbele.

DEO: Efeso 5 basi. "Enyi wake, watiini waume zenu."

KONSO: Anza mstari wa 21, ambao harusini hausikiki: "hali mnanyenyekeana katika kicho cha Kristo." Kunyenyekeana, pande zote mbili. Na mstari wa 25 unamdai mume ajitoe kama Kristo alivyojitoa kwa Kanisa. Kristo alijitoa hadi msalabani! Shida yangu ni kwamba bibi harusi tunamkalisha kwenye kicheni pati usiku mzima, somo baada ya somo, akisomewa wa 22. Wa 25 nani anamsomea bwana harusi? Ninyi kwenye bechela pati mnafundishwa nini?

DEO: Dada Konso, kule tunakula mbuzi.