Mbwa Hajui Ndani ni Wapi
Maongezi kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa, Mbeya, siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa

Haya jamani sogeeni, wenye mbwa wakali kaeni kule kwenye mparachichi, na we kijana kamba hiyo fupisha kidogo. Wazee shikamooni. Wa Iringa kamwene, wa Tukuyu mugonile. Mwenzangu bado anaandika kadi, kwa hiyo nimeambiwa niwape maneno mawili matatu, na nimeona nisiwahubirie kichaa cha mbwa maana nyie mshakuja, wa kuhubiriwa kabaki nyumbani na mbwa wake. Nitaongea kitu ambacho mnanipigia simu kila siku hadi usiku, mbwa kukojoa ndani.

Mnacheka. Ila mwezi wa 6 ukiingia simu yangu haikatiki. Kibaridi chetu si mnakijua, usiku nyuzi zinashuka chini ya 10, papi, yaani mtoto wa mbwa, analia nje, mama mwenye nyumba anaingiwa huruma anamleta jikoni alale karibu na jiko (jiko la mkaa linalowaka msilale nalo ndani lakini, hilo linaua watu achilia mbali mbwa), alafu asubuhi anatoka chumbani na soksi anakanyaga maji ya uvuguvugu. Ndo hapo fimbo inatafutwa. Na mbwa anapigwa wiki mbili, tatu, na bado anakojoa, mwisho mtu ananiambia dokta huyu mbwa ni jeuri, ananikomoa.

Hakukomoi. Mbwa hajui ndani ni wapi. We ndo unajua, kwa sababu we unaona bati na ukuta. Yeye ana vitu viwili, pua na miguu. Pua inamwambia hapa pashakojolewa, na miguu inamwambia hiki ninachokanyaga ndo kile nilichozoea kukojolea tangu mdogo. Basi.

Ngoja nikae kidogo kwenye hilo la miguu maana watu wengi hawalijui. Papi wengi tunaonunua wamezaliwa kwenye banda lililotandikwa magunia au viroba. Hapo hapo wanalala, wakipata nguvu wanajikokota pembeni kidogo wanakojoa, bado ni gunia. Anafika kwako ana miezi miwili, miguu yake inajua choo ni kitu laini chenye nyuzi nyuzi, alafu we sebuleni umetandika kapeti, mlangoni umeweka kipande cha kufutia miguu, chumbani kuna mkeka. Kwake hiyo nyumba nzima ni choo! Na nje umempeleka kwenye vitofali vya uwanjani au nyasi zimelowa umande, anashangaa tu, anatetemeka, anarudi ndani anachuchumaa kwenye kapeti, na we unaona dharau.

Sasa ukimleta papi muulize aliyekuuzia alikuwa anamtandikia nini. Kama ni gunia, chukua kipande cha gunia hilo hilo, likiwa na harufu ndo vizuri zaidi, weka nje pale unapotaka pawe choo chake. Akishazoea unakikata kinakuwa kidogo, kidogo, mpaka kinaisha anabaki na udongo. Wakati huo kapeti zote zikunje, weka juu ya kabati. Wageni wakiuliza waambie una mtoto mchanga, na kweli unaye.

Na kwa baridi hii choo kiwe upenuni, mahali mvua haifiki, maana kuanzia Novemba mpaka Aprili hapa kwetu ukisema mbwa atoke akatafute pa kukojolea kwenye mvua unajidanganya, hata we usingetoka. Mwageni maranda. Kwa fundi seremala yapo, wa Mufindi na Njombe huko ndo msiniambie kabisa, mbao zinapasuliwa kila kona. Maranda yanafyonza, hayagandishi miguu, na yakilowa unayazoa.

Turudi kwenye saa. Papi hawezi kubana, kibofu chake kidogo na misuli bado. Hesabu ya haraka haraka ni mwezi mmoja wa umri kama saa moja ya kuvumilia mchana, wa miezi 2 kila baada ya saa 2 atoke, wa miezi 3 saa 3. Usiku anavumilia zaidi kidogo kwa sababu akilala figo nazo zinapunguza kazi, ila wa miezi 2 lazima uamke hata mara moja, hamna njia ya mkato. Juu ya hizo saa kuna nyakati ambazo hazingoji hesabu: ameamka tu, amemaliza kula, ametoka kucheza na watoto mpaka anahema. Akila, tumbo likijaa utumbo wa chini unaanza kusukuma, ndani ya dakika 5 mpaka nusu saa lazima kitoke kitu. Kwa hiyo mbwa anayetupiwa makombo saa yoyote, ugali saa 4, mfupa saa 8, atakunya saa yoyote. Mbwa anayekula saa 1 asubuhi na saa 11 jioni unajua kabisa lini umtoe. Na dagaa wa chumvi acheni kumpa, anakunywa maji ndoo nzima alafu mnashangaa anakojoa.

Ukimtoa nenda naye. Hili watu wanaona uvivu, wanafungua mlango wanamsukuma nje wanafunga. Papi anakaa mlangoni analilia kurudi, dakika 10 ukifungua anaingia anakojoa. We vaa koti lako, mfunge kamba, simama pale pale kila siku, usimchezeshe, kaa kimya. Akianza kuchuchumaa usipige kelele ya furaha, atakatisha. Akimaliza, hapo hapo mpe kitu, kipande cha dagaa asiye na chumvi, kinyama, chochote. Hapo hapo, sio mkirudi jikoni, maana ukimpa jikoni umemlipa kwa kuingia jikoni. Alafu msimrudishe ndani sekunde ileile amemaliza, muache anusenuse kidogo. La sivyo atajifunza kwamba akikojoa tu matembezi yameisha, kwa hiyo atabana nje mzunguke uwanja mzima na atamwaga mkifika sebuleni. Mbwa ana akili sana kwa mambo ya faida yake.

Angalieni yule mweupe pale nyuma, anazunguka pua chini, hiyo ndo dalili. Dada mwache, mwache... eeh. Umeona? Mpe basi kitu. Huna? Kesho uje na mfuko wa dagaa.

Sasa fimbo. Nina haki ya kuongea maana nimekosea mwenyewe. Nilikuwa na jike, mimi na watoto wangu tulimpa jina Popi, alikuwa anakojoa mlangoni, nikawa nikikuta nampeleka pua pale pale nampiga kofi, ndo nilivyofundishwa na baba. Baada ya wiki mlangoni pakawa pakavu, nikajisifu kwa mke wangu. Mwezi unaisha tunasogeza kochi kufanya usafi, nyuma ya kochi kumeoza! Popi hakujifunza kwamba ndani ni marufuku, alijifunza kwamba kukojoa mbele yangu ni hatari. Na shida ilikuwa kubwa kuliko hapo mwanzo, kwa sababu hata nje nikimshika kamba alikuwa hakojoi nikiwa namwangalia.

Najua mtaniambia lakini dokta anajua kakosea, anainamisha kichwa, anaficha mkia. Kuna mtafiti Marekani, Alexandra Horowitz, mwaka 2009 alitoa majibu ya jaribio alilofanya na mbwa 14. Mwenye mbwa anamkataza mbwa asile kitafunwa, anatoka chumbani, akirudi anaambiwa kala au hajala, na mara nyingine anadanganywa. Ile sura ya aibu ilitokea zaidi pale mwenyewe alipofoka, awe mbwa kala kweli au kasingiziwa, tena waliosingiziwa ndo walionyesha aibu zaidi. Maana yake anasoma uso wako tu, kesi yenyewe haijui.

Ukimkuta katikati ya tendo piga makofi mara moja, mbebe, nje, amalizie huko, mpe dagaa. Ukikuta mkojo ushakauka, chukua tambara ufute unyamaze.

Na kufuta kwenyewe. Sakafu ya simenti inafyonza mkojo, we unaona pakavu yeye pua inasoma choo. Majivu yanakausha lakini harufu inabaki. Jiki msiimwage juu ya mkojo mbichi, mkojo una amonia, vikichanganyika vinatoa hewa mbaya inachoma kifua. Futa kwanza kukauke, osha na sabuni ya unga, zile zilizoandikwa kwenye pakiti zina enzaimu ndo nzuri, suuza, alafu siki na maji nusu kwa nusu. Na mkono uoshe, mkojo wa mbwa unaweza kuwa na leptospira, vijidudu vya ugonjwa unaompata na mtu.

Usiku mweke kwenye boksi la mbao, kama yale ya nyanya za Ilula lakini lililowekwa matandiko, liwe na nafasi ya kusimama na kujigeuza tu. Mbwa hapendi kuchafua anapolala. Ukimpa boksi kubwa kama kitanda cha mgeni atalala huku akojoe kule.

Mama ameuliza wake ni mkubwa, alikuwa msafi miaka 3, ameanza ghafla. Huyo hafundishwi, huyo aje kwangu. Inaweza kuwa kibofu kimepata maambukizi, inaweza kuwa figo au kisukari hasa kama anakunywa maji kupita kawaida, na jike aliyefungwa kizazi anaweza kuvuja akiwa usingizini bila kujua. Mkojo ukiwa rangi ya kahawa au soda nyeusi na mbwa amelegea ana kupe, usisubiri Jumatatu, kupe wana ugonjwa unaopasua chembe za damu na unaua haraka. Dume anayenyanyua mguu kidogo kidogo kwenye kila kona ya kochi anaweka alama, wengi wakihasiwa wanapunguza. Na yule anayekojoa ukimwinamia kumsalimia anaogopa tu, chuchumaa kiubavu, usimtazame usoni, utaona anaacha.

Muda gani? Papi wengi miezi michache, mpaka karibu miezi 6 ajali mbili tatu zitakuwepo. Ukipata wiki 4 nzima bila hata moja, tandika kapeti moja. Moja, mama, usitandike zote.

Haya kadi zimekwisha, wenye namba 1 mpaka 10 njooni upande huu, mshike kichwa mwenyewe, mi simshiki.