Huyo madoa unayemchinja ndiye mwenye bluu yako

Mbukwenyi! Haya kaeni, wale wa nyuma sogeeni huku kwenye kivuli maana na upepo huu wa leo na hili vumbi sitaki nipige kelele mpaka sauti iishe. Mambo ya banda, maji, chanjo ya kideri, mmeambiwa asubuhi na kila mwaka mnaambiwa, mi siyarudii. Nimekuja na lile lile langu, wanaonijua wameshalijua, rangi. Na leo nimebeba tenga, lina kuku watatu, ngoja niwatoe mmoja mmoja.

Huyu mweusi. Huyu wa pili ni kijivu, nyie mnamwita bluu, sawa tumwite bluu. Mama wewe wa mbele hebu shika hili bawa, angalia unyoya mmoja tu, katikati rangi ya majivu, pembeni una ukingo wa giza mwembamba kama mtu kapitisha wanja. Umeona eeh. Ndo maana kila mtu anamtaka. Na huyu wa tatu ni mweupe ila kama karukiwa rukiwa na wino, huyu tunamwita madoa, na huyu hakuna anayemtaka.

Sasa nawauliza, nikisema chukua jogoo na mtetea hapa uanze mbegu ya bluu, unachukua yupi na yupi? ... Naona mikono. Bluu na bluu, wote bluu na bluu. Basi hapo ndipo hela zenu zinapopotelea.

Kuna mzee mmoja kule Bahi, mfugaji mzuri tu, mtu wa usafi, banda lake unaweza kulala ndani. Akauza mtama, akanunua jogoo bluu na mitetea bluu wanne, kalipa bei ya mbegu sio bei ya nyama. Akatotolesha, siku 21 vikatoka vifaranga 22. Walivyoota manyoya akahesabu, bluu 11, weusi sita, madoa watano. Mzee akawaka! Kwanza akasema ni jogoo la jirani limeruka uzio, jirani akaapa jogoo lake ni jekundu na kweli ni jekundu. Basi ikahamia kwa aliyemuuzia, kaniuzia machotara, wakatukanana kwenye simu mpaka suala likafika kwa mwenyekiti wa kijiji. Huku nyuma kwa hasira anachinja weusi na madoa ili wasimharibie mbegu. Awamu ya pili yakatoka yale yale. Ya tatu ndo akanipigia.

Nilivyofika sikuangalia hata banda, nilikuta manyoya meupe yenye vidoa yamenasa kwenye miiba ya uzio nyuma ya jiko, mengi, nikasimama pale nikashika kichwa. Nikamuuliza mzee, wale madoa wako wapi? Akanijibu kwa amani kabisa, tumekula. Na wale weusi? Nao tumekula, amebaki mmoja.

Jamani iliniuma, maana yule mzee alikuwa na kitu alichokuwa anakitafuta, alikuwa nacho mkononi, akakiweka kwenye sufuria mara tatu.

Sikilizeni sasa, hapa msiniache. Chukua chai ya rangi. Ukiacha hivyo hivyo bila maziwa, huyo ni kuku mweusi. Ukitia kijiko kimoja cha maziwa inakuwa kijivu, ndo bluu. Ukitia viwili inapauka kabisa, ndo madoa. Hakuna rangi tatu hapo, ni weusi ule ule uliopaushwa kidogo au sana. Sasa bluu ana kijiko kimoja, na anapozaa hicho kijiko ama kinaenda kwa mtoto ama hakiendi, kama kurusha shilingi. Baba bluu anarusha, mama bluu anarusha. Vikienda vyote viwili mtoto ni madoa, kikienda kimoja ni bluu, kisipoenda hata kimoja ni mweusi. Kwa hiyo robo weusi, nusu bluu, robo madoa. Rudi kwa vifaranga 22 wa mzee, 11, sita, watano. Hakuna aliyemwibia! Muuzaji alimpa mbegu safi kabisa na hesabu ikatoka kama ilivyotakiwa kutoka.

Sasa chukua mweusi, hana kijiko, na madoa ana viwili. Madoa lazima atoe kimoja, hana namna ya kutokutoa, mweusi hatoi kitu. Mtoto anapata kimoja. Wote bluu. Sisemi wengi wao, nasema wote.

Yani wale wawili uliokula ndo walikuwa mama na baba wa bluu yako yote.

Na msidhani huu ni ushamba wa Bahi. Kuna kuku wanaitwa Andalusian, asili yao kusini mwa Hispania, Waingereza wakawafuga sana kwa ajili ya hiyo bluu, na miaka na miaka weusi na madoa walikuwa wanawaita taka, wanawatupa, na kila mwaka zile taka zinarudi. Mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 wanasayansi akina William Bateson na Punnett pale Cambridge, Uingereza, wakaja kuonyesha kwamba taka kwa taka ndo inatoa bluu tupu. Huyo Bateson ndo aliyeipa elimu hii ya kurithi jina la jenetiki, mwaka 1905. Zaidi ya miaka 100 hiyo ndugu zangu, na bado tunachinja.

Kuna mtu atasema, lakini bluu kwa bluu si napata nusu, inatosha. Inatosha kama unapenda, ila pumba na mashudu ya alizeti unawalisha wote mpaka rangi ionekane. Mwingine atasema rangi hailiwi, kuku ni kuku. Sawa, kama unapeleka soko la Majengo auzwe kwa uzito wake wa nyama sina neno na wewe. Ila nenda mnada wa Msalato umwone mtu aliyetumwa kuku mweusi asiye na unyoya mweupe hata mmoja, anavyozunguka na jua lile. Rangi hapa kwetu haijaanza leo.

Tahadhari moja, mweusi wako awe mweusi kweli. Yale maziwa yanapausha weusi tu, wekundu hayaugusi. Ukichukua mtetea wa kienyeji mweusi mwenye wekundu shingoni ukampa madoa, watoto watatoka bluu wenye kutu ya dhahabu shingoni, halafu utasema mwalimu katudanganya.

Hili la kuchinja haraka liko pia kwa kuku wa Malawi, wale Black Australorp. Kifaranga cha Malawi hakitoki cheusi chote. Mgongo mweusi, tumbo na ncha za mabawa vyeupe vya manjano manjano. Dada mmoja alivigawa vyote kwa bei ya bure akijua kapigwa, vifaranga safi kabisa! Ule weupe unaondoka wanavyobadili manyoya. Subiri jamani. Rangi ya kifaranga sio rangi ya kuku.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, sijafika hata katikati, haya haraka haraka. Ukibadilisha jogoo usikimbilie kukusanya mayai ya mbegu. Mtetea anatunza mbegu za jogoo tumboni, wiki mbili, hata tatu. Jogoo la zamani umeshaliuza na bado linazalisha bandani kwako. Mayai ya wiki tatu za mwanzo kula au uza, ndo uanze kuweka, na uandike kwenye kauntabuku tarehe na nani kapandwa na nani, pete ya plastiki mguuni, maana sura inaficha. Mekundu mawili, jogoo na mtetea, yanaweza kutoa kifaranga cheupe bila jirani kuhusika, kama yote mawili yameficha weupe. Wale wa mistari myeusi na myeupe, mtetea wa mistari kwa jogoo jeusi, madume yote yatatoka na mistari na majike meusi, siku ya kwanza tu unayatenga kwa lile doa jeupe kichwani mwa dume. Nililitaka hili kwa nusu saa nzima, basi tena. Na jua la Dodoma linapausha wekundu na dhahabu, ukitaka kuona rangi halisi funua manyoya ya ndani ya bawa kabla hujalaumu mbegu. La kupandisha ndugu kwa ndugu litabaki mpaka siku nyingine.

Yule mzee wa Bahi, kuna aliyeuliza. Alikuwa amebakiza jogoo moja jeusi, nikampelekea mitetea wawili madoa kutoka kwangu, akasubiri wiki zake tatu kweli kweli. Wametoka 17. Kanitumia picha, wako juu ya gunia wote kijivu, na mzee ameshampigia yule muuzaji kumwomba radhi kwa yale matusi.

Haya, huyu madoa narudi naye nyumbani, ila kwangu nina matembe watatu kama yeye wanaokaribia kutaga na sina majogoo meusi ya kutosha. Mwenye jogoo jeusi tupu, lisilo na wekundu shingoni, aje hapa kwenye tenga tubadilishane.