Grainda ishuke kwenye paa: mhadhara kwa mafundi wa kuezeka

Mafundi wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliojazana nyuma, sogeeni mbele. Wanaonifahamu wanajua nitakalosema. Nitalisema tena, maana kila nikipita mitaani nausikia ule mlio wa grainda juu ya mapaa. Bati la geji 30, unene wake haufiki nusu milimita, mtu analikata kwa grainda, mashine ya diski ya kukatia nondo! Mkasi wa bati upo kwenye begi lake, haujatoka tangu asubuhi.

Bati lenyewe sitawaeleza, mnalipigilia kila siku. Nataka tutazame ukingo, pale ulipokata. Chuma cha bati hakijikingi chenyewe. Kinakingwa na zinki, au zinki iliyochanganywa na alumini, kisha juu yake rangi. Ukikata kwa mkasi, chuma kinabaki wazi ukingoni, sikatai, lakini ni mstari mwembamba mno, na zinki iliyo juu na chini yake inaendelea kuukinga, kwa sababu zinki ndiyo huliwa kwanza. Sasa leta grainda. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 za Selsiasi. Diski ikisugua chuma mpaka kikatoa cheche, joto la pale limeshapita hapo mbali sana. Zinki imeungua, rangi imebabuka, na kinga aliyoilipia mwenye nyumba umeiondoa wewe.

Kuna nyumba moja Kigamboni, upande wa baharini. Wengine mmeshaisikia, vumilieni. Mwenyewe ni mama mstaafu, alinunua mabati mekundu ya geji 28, ya bei. Vuli ya kwanza ikapita, akaona madoa ya kahawia juu ya paa. Akamwita fundi wake. Fundi akatazama kutoka chini, hata ngazi hakuomba, akamwambia, "Mama, umeuziwa bati feki." Mama wa watu akaenda dukani, akagombana na muuzaji mbele ya wateja. Nilipoitwa nilipanda juu. Madoa hayakuwa yametapakaa paa zima. Yalifuata bonde, pale pande mbili za paa zinapokutana kwa chini, yalifuata kofia, lile bati la kufunika kileleni, yalizunguka bomba la choo linapotokeza. Kila palipokatwa, na upande ule cheche ziliporukia. Nikakwangua doa moja kwa ukucha. Ndani yake kulikuwa na chembe ya chuma, ndogo kuliko punje ya mchanga, imezama kwenye rangi.

Cheche ya grainda ni chuma kinachowaka, jamani. Ikitua kwenye rangi inaiunguza na kujizika humo. Umande wa usiku unatosha kuitia kutu, na kwa hewa ile ya chumvi, hata sisemi. Bati lilikuwa zima. Kutu aliileta fundi, halafu akamsingizia muuzaji. Na dawa yake ni ipi? Huwezi kuchokoa chembe mojamoja paa zima. Mama alilipia rangi upya juu ya paa ambalo halijamaliza mwaka. Mnielewe kwa nini nakasirika.

Najua kuna anayetaka kunijibu kwamba mkasi unachelewesha na tajiri anataka kazi iishe. Unachelewesha nini? Viwanda vyetu vinakata bati kwa urefu unaoutaka. Pima kenchi zako, yaani mbao zinazobeba paa, sawasawa kabla ya kuagiza, na juu ya paa utabakiwa na bonde, miisho ya kofia na matundu ya bomba. Nendeni kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, mkaone masanduku ya wanafunzi wa bweni yanavyotengenezwa, mkasi, nyundo na tindo, na kazi inakimbia. Wale hawana muda wa kupoteza kuliko nyinyi.

Mwingine atasema mkasi hauingii kwenye migongo ya bati, yale mawimbi yake. Mkasi gani? Ule mkubwa ulionyooka, kweli utakusumbua. Tafuta ule mdogo wenye viungo viwili, uliobuniwa kwa kazi ya mabati ya ndege. Rangi za mishikio yake si urembo. Mwekundu hukata ukipinda kushoto, wa kijani hukata ukipinda kulia, wa njano hukata mstari ulionyooka. Fundi ananunua mwekundu peke yake kwa sababu ndio aliouona dukani, kisha analazimisha kupinda kulia, ukingo unatoka umechanika, anaulaumu mkasi!

Fungua mdomo wa mkasi wote, ingiza bati mpaka karibu na kiungo, bana, lakini usifunge mpaka ncha zikutane. Acha kidogo, sogeza mbele, bana tena. Ukifunga ncha kila mara, kila ulipofunga panabaki jino, na jino ndilo linalokata vidole na kushika uchafu. Kipande cha kutupwa ndicho kijikunje, kile cha kuezekea kibaki kimelala. Tundu la bomba, toboa katikati ya duara kwa tindo, juu ya kipande cha mbao, kisha zunguka na mkasi ukipanuka taratibu mpaka kwenye mstari.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi. Mstari usichorwe kwa penseli kwenye bati la zinki au alumini, risasi ya penseli na unyevu huchochea kutu palepale ulipochora. Tumia kalamu ya wino. Alumini bapa waweza kuikwaruza kwa kisu kikali ukifuata rula ya chuma, kisha ikunje huku na huku mpaka ikatike. Shaba nilitaka kuieleza, itasubiri. Glovu za ngozi, siyo za kitambaa. Na ukitoboa matundu ya skrubu, fagia vumbi la chuma siku hiyohiyo kabla hujashuka, maana lile nalo linatia kutu kama cheche.

Kuna mabaki ya mabati nyuma ya ukumbi na mikasi ya rangi zote tatu. Twendeni, tutaanza na matundu ya bomba.