Kile Kitu cha Tatu Alichokiona Alzheimer

REHEMA: Karibuni tena. Mimi ni Rehema, na mwenzangu Salim leo kaja na mafua yake.

SALIM: Yamenishika haswa. Pua imeziba, macho mekundu, kichwa kizito kama gunia. Nikipiga chafya mnisamehe.

REHEMA: Afadhali umekuja hivyo hivyo, utatufaa kwa mfano. Lakini kwanza nianzie mbali. Mwaka 1906 alifariki mama mmoja hospitalini Frankfurt, Ujerumani, anaitwa Auguste Deter. Miaka 55 tu. Alikuwa amesahau mengi, anamshuku mumewe, anapotea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Daktari aliyempokea mwaka 1901, Alois Alzheimer, yule ambaye ugonjwa huu wa kupoteza kumbukumbu umepewa jina lake, alikuwa keshahamia Munich. Akaomba aletewe ubongo wa yule mama, akaukata vipande vyembamba, akavitia rangi ya madini ya fedha, akainamia hadubini.

SALIM: Ndipo akaona zile protini zilizoganda.

REHEMA: Madoa nje ya seli, tunayaita amiloidi, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Hayo mawili kila mwanafunzi anayakariri. Ila ile makala yake ya 1907, kurasa tatu tu, ina kitu cha tatu. Kinahusu seli ambazo si za neva. Watu wakakipita.

SALIM: Kitu gani hicho?

REHEMA: Utangoja.

SALIM: Haya dada, kwa leo nitavumilia. Hizo seli ambazo si za neva ndizo zipi?

REHEMA: Zinaitwa glia. Rudolf Virchow, miaka ya 1850, alizifananisha na gundi, jina likaganda. Vitabu vya zamani vilisema zinazidi seli za neva mara kumi. Zilipohesabiwa vizuri, ikaonekana idadi zinakaribiana: seli za neva kama bilioni 86, na nyingine zote kwa jumla karibu hivyo hivyo.

SALIM: Basi nusu ya ubongo tumeiita gundi.

REHEMA: Na gundi haifanyi kazi hizi. Kuna astrosaiti, zenye umbo la nyota: zinalisha neva, zinafyonza kemikali zilizozidi, zinashikilia ukuta kati ya damu na ubongo. Kuna oligodendrosaiti, zinazovisha nyuzi za neva lile ganda la mafuta ili umeme upite haraka. Hizo leo tuziache, tutazirudia siku tukizungumzia MS, ugonjwa unaoharibu lile ganda. Mimi ninayemtaka leo ni mikroglia.

SALIM: Huyu ndiye askari?

REHEMA: Askari, mfagiaji na mtunza bustani, vyote kwa pamoja. Na kiasili si mwenyeji. Seli za neva zinatokana na tishu ileile inayojenga ubongo, lakini mikroglia hutoka kwenye kifuko cha kiinitete, husafiri na kuingia ubongoni mtoto angali tumboni, na hapo huweka makao. Muda mrefu ilidhaniwa kwamba kusipokuwa na shida, amelala. Mwaka 2005 watafiti walichonga fuvu la panya aliye hai likabaki jembamba kama ganda la yai, wakachungulia kwa hadubini ya leza. Kumbe halali kabisa! Mwili umetulia palepale, lakini vile vimikono vyake vinanyooka, vinapapasa, vinarudi, dakika hadi dakika. Wakachoma kidoa kimoja kidogo kwa leza. Muda mfupi tu, vimikono vyote vya jirani vikageukia pale, vikakizunguka kama uzio.

SALIM: Kama sisimizi na tone la asali.

REHEMA: Hasa. Sasa turudi kwenye pua yako. Virusi vimeingia, kinga imepiga kengele, damu imejaa pale, ndiyo wekundu na kuvimba. Hiyo ndiyo inflamesheni. Na nakuomba, tusiiite uvimbe tu, maana neno hilo linatupotosha: msikilizaji anafikiri kuna jipu kichwani. Kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer hakuna kinachovimba ukakiona. Ni kengele za kemikali zinazolia polepole, miaka na miaka.

SALIM: Na haiumi?

REHEMA: Nyama ya ubongo wenyewe haina neva za maumivu. Wewe siku tano sita utapona, kwa sababu virusi vitaisha na kengele itazimwa. Amiloidi haiishi. Askari anaipiga, ipo. Anairudia, bado ipo. Hapo ndipo anapoanza kuharibu. Mwaka 2017 lilifanyika jaribio kwa panya: mikroglia waliokasirika walitoa protini tatu, na hizo zikawabadilisha astrosaiti. Wakaacha kulisha neva, wakawa wanatoa sumu inayoziua.

SALIM: Yaya kageuka. Hii inanitisha.

REHEMA: Kuna la kutisha zaidi. Ukiwa mtoto, ubongo wako una viungio vingi mno kati ya neva na neva. Visivyohitajika vinawekewa alama kwa protini iitwayo C1q, mikroglia anavila. Ni kama kupogolea mti, kazi halali kabisa. Mwaka 2016 ikaonekana kwa panya waliofugwa wapate Alzheimer kwamba kazi ileile inaanza upya ukubwani, hata kabla madoa hayajatapakaa. Viungio vizima vinaliwa.

SALIM: Kikulacho ki nguoni mwako!

REHEMA: Nilijua utaisema, na siikubali. Ngoja nikueleze kwa nini. Ingekuwa mikroglia ni adui tu, mtu mwenye mikroglia dhaifu angepona, au siyo?

SALIM: Kwa hesabu hiyo, ndiyo.

REHEMA: Basi mwaka 2012 timu mbili, moja ikiwa ya Iceland, zilitoa matokeo kuhusu jeni ya TREM2. Jeni hiyo hutengeneza kipokezi kwenye ngozi ya mikroglia, ndicho kinachomwezesha kuhisi uchafu na kuuzunguka. Kuna watu wachache wamezaliwa na TREM2 yenye kasoro. Hatari yao ya kupata Alzheimer ni mara mbili hadi nne ya wengine. Yaani askari akilegea, mambo yanakuwa mabaya zaidi.

SALIM: Akichachamaa anaua, akilegea tunakufa. Sasa afanyeje?

REHEMA: Ndiyo maana swali la msikilizaji wetu aliyeuliza kama ameze dawa za kutuliza inflamesheni kila siku kujikinga, jibu langu ni hapana. Wazo halikuwa la kijinga. Watu wenye baridi yabisi, wanaomeza dawa hizo miaka mingi, walionekana kupata Alzheimer kwa nadra. Likaandaliwa jaribio kubwa Marekani, liitwalo ADAPT, watu zaidi ya 2,000 wenye miaka 70 kwenda juu, wanaotoka kwenye familia zenye ugonjwa. Wengine naproxen, wengine celecoxib, wengine kidonge kisicho na dawa. Desemba 2004 dawa zikasimamishwa kwa hofu ya madhara ya moyo, na kinga iliyotarajiwa haikuonekana.

SALIM: Wamezima kengele, mwizi yuko ndani.

REHEMA: Hiyo ndiyo methali ya leo, umeitunga mwenyewe. Ona dawa mpya inavyofanya kinyume. Lecanemab, iliyoidhinishwa kikamilifu Marekani mwaka 2023, haimtulizi mikroglia. Ni kingamwili inayonasa kwenye amiloidi na kumwita aje ale. Kwa miezi 18 ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa asilimia 27. Si tiba, ni kupunguza kasi, tena kwa wagonjwa wa hatua za mwanzo, na wengine ubongo huvimba au kuvuja damu kidogo. Hapo neno kuvimba nalikubali.

SALIM: Na magonjwa mengine? Mjomba wangu mkono unatetemeka, Parkinson.

REHEMA: Pole, ndugu yangu. Huko nako yumo. Mwaka 1988 Patrick McGeer na wenzake, Kanada, walichunguza bongo za waliofariki na Parkinson. Pale pale zinapokufa seli zinazotoa dopamini, kemikali inayosaidia mwili kujongea, palijaa mikroglia waliochachamaa. Sasa, walianza wao au walifuata vifo? Picha ya maiti haikuambii. Kwa ALS tunajua zaidi kidogo, ule ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli, aliokuwa nao mwanafizikia Stephen Hawking. Panya wenye jeni mbovu ya ALS, ukiiondoa kwenye mikroglia peke yake, ugonjwa unaanza kama kawaida lakini unakwenda polepole.

SALIM: Kwa hiyo neva inawasha moto, mikroglia anachochea.

REHEMA: Kwa wale panya, ndiyo.

SALIM: Dada, nimevumilia. Kitu cha tatu.

REHEMA: Mafuta. Aliandika kwamba seli nyingi za glia zina vifuko vya mafuta. Basi. Sentensi moja. Mwaka 2024 watafiti walichunguza bongo za wagonjwa waliorithi jeni ya APOE4 kwa baba na kwa mama, ile inayoongeza hatari ya Alzheimer kuliko zote za kawaida. Wakakuta mikroglia wamejaa matone ya mafuta. Wakawakuza wengine kama hao maabara, wakachukua majimaji waliyoyatoa, wakayamimina kwenye seli za neva. Zile seli za neva zikaanza kuharibika.

SALIM: 1907 mpaka 2024. Miaka 117!

REHEMA: Na yeye alikuwa na hadubini ya shaba tu. Haya, piga chafya yako, naona umeibana tangu tuanze.