Kiwanja Kilichokuwa Shamba: Kuchagua Pa Kuishi Pembezoni mwa Mtwara

Wazee wangu, akina mama, kaka na dada zangu, hamjambo. Ahsanteni kwa kunialika. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa ya ugani, ubwana shamba, kwa hiyo mtanivumilia: nikiingia mtaa mpya macho yangu yanakwenda kwanza kwenye miti na udongo, nyumba baadaye. Na leo ninawaomba na ninyi mfanye hivyo kabla hamjatoa hela ya kiwanja.

Tuanze na mji wenyewe, maana hata huu mji wetu ulichorwa kwa sababu ya shamba. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ili karanga za Nachingwea zifike melini ikaamuliwa bandari ijengwe hapa Mtwara, na reli ije mpaka baharini. Mradi ukafa mwaka 1951. Bandari ilipofunguliwa mwaka 1954 karanga za kupakia hazikuwapo, na reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tumebaki na gati, barabara pana, na kata inayoitwa Reli.

Sasa toka mjini uelekee Naliendele au Mangamba. Huko ni mikorosho. Imesimama kwa mistari, mita 12 kwa 12, nafasi ileile tuliyokuwa tunawafundisha wakulima. Habari za gesi asilia ya huku kwetu zilipopamba moto, mwanzoni mwa miaka ya 2010, bei ya ardhi ikapanda na mashamba mengi yakakatwa viwanja. Leo unakuta nyumba ya bati jekundu, ukuta wa tofali, na ndani ya ukuta mkorosho mmoja. Chungulia kwa jirani, mwenzake upo kwenye mstari uleule. Wa tatu uko katikati ya njia, bodaboda wanauzunguka.

Ile mistari ina habari. Mkorosho hautaki maji yaliyotuama. Unapostawi, ujue chini ni mchanga wenye kina na maji yanazama. Msingi wako utakaa pakavu. Bondeni ni habari nyingine. Mwezi wa nane utaoneshwa kiwanja cha bei nafuu, tambarare, majani mafupi, panapendeza kweli. Inama utazame. Ukiona kingo za udongo zimekaa kwa mraba, zimefutika nusu, hayo yalikuwa majaruba ya mpunga. Udongo mweusi, umepasuka hadi nyufa zinameza vidole. Pembeni mafunjo yamenyauka. Mama aliyelima pale alifuata maji, na mvua zikikolea, kuanzia Januari hadi Aprili, maji yatarudi yakukute umeshajenga. Mtafuteni huyo mama mumuulize. Dalali hawezi kukwambia, hata akiwa mtu mwema, kwa sababu Machi hakuwahi kuwepo pale.

Kuna jambo watu hawaulizi kabisa, nalo ni salfa, ile dawa ya unga ya njano ya mikorosho. Kuanzia kama Mei au Juni hadi Agosti mkorosho unatoa majani mapya na maua, na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, unaushambulia wakati huohuo. Mkulima anaamka alfajiri, upepo umetulia na umande bado uko kwenye majani, anawasha mashine na kupuliza. Wingu la njano linapita juu ya ua wako. Ukiamka unalikuta kwenye wavu wa dirisha, kwenye mfuniko wa tanki la maji, kwenye nguo ulizosahau kwenye kamba. Macho yanawasha. Mkulima hana kosa, asipopuliza, Oktoba hana cha kuokota, na shamba lake lilikuwapo kabla ya nyumba yako. Lakini mwenye mtoto wa pumu, mimi simshauri ajenge ukingoni mwa shamba linalopulizwa. Wengine mnaweza kuelewana: nendeni kwa mwenye shamba mapema, mjitambulishe, awape taarifa jioni kabla ya kupuliza, mfunge madirisha na mfunike maji. Nimeona mitaa inaishi hivyo kwa amani.

Halafu kuna mahame, makazi ya zamani yaliyoachwa. Wazee mliopo hapa mnakumbuka Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Watu walihamishwa wakakae pamoja, mikorosho ikabaki nyuma, mbali, ikamezwa na kichaka. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho tani kama 145,000. Katikati ya miaka ya 1980 hata tani 20,000 hazifiki kwa baadhi ya misimu. Bei mbaya na ubwiriunga vilichangia, lakini mkulima aliyetengwa na mti wake hawezi kuutunza. Mahame hayo baadhi yake sasa yanapimwa viwanja. Utayatambua kwa mwembe mkubwa, mkwaju, vigae vya vyungu mchangani, na mara nyingine makaburi. Ukiyaona, simama kwanza uulize.

Kwa mila za huku kwetu mwenye ardhi na mwenye mti wanaweza kuwa watu wawili, na kwa Wamakonde na Wamakua urithi umefuata upande wa mama. Niliwahi kukaa kwenye mauziano, mwenyekiti wa mtaa yupo, karatasi iko tayari. Bibi mmoja akaja, akakaa chini ya mti, akasema: "Wajukuu zangu, ardhi auze, simzuii. Ila hii mikorosho minne kaipanda marehemu kaka yangu, na wapwa zake wapo hai." Muuzaji hakuwa tapeli, shamba kalirithi kweli. Kalamu ikawekwa chini. Wapwa wakaitwa, miti ikalipiwa peke yake, ikaandikwa kwenye hati ileile na wao wakatia saini. Mnunuzi anaishi pale hadi leo, na bibi hupeleka mabibo kwake kila msimu.

Lililo moyoni mwangu zaidi ni hii tabia ya "kusafisha kiwanja". Muuzaji anakata kila kitu, anachoma visiki, eti kionekane cha kisasa. Mchanga wetu ukibaki uchi kwenye mteremko, mvua mbili tatu zinachimba korongo, na jua la Novemba linakupika ndani ya nyumba ya bati. Acheni mkorosho mmoja au miwili, mbali na msingi, kwa sababu matawi yake hutanda sana. Na kwa ndugu zetu wapima ardhi mliopo humu: chora barabara ifuate mistari ya mikorosho, miti iwe pembeni, kivuli kiwepo siku ya kwanza watu wanapohamia.

Wenye ramani za viwanja vyao mmekuja nazo? Zileteni hapa mezani, tuanze na za Naliendele.