Anayesoma fomu yako hakujui: maongezi na fomu siksi, Tanga

Marahaba, marahaba wadogo zangu, kaeni, na nyie wa dirishani sogeeni kuna benchi huku mbele. Nimepewa nusu saa kwa iyo naenda moja kwa moja.

Nataka mlishike hili. Yule mtu anaesoma maombi yako ya skolashipu hakujui. Hajui kama we ni mpole, hajui mama yako anaamka saa kumi kukaanga vitumbua, hajui mwalimu wa fizikia anakukubali kiasi gani, anachokiona ni karatasi zako tu basi, na karatasi zikiwa hazisemi kitu ndo umeishia hapo.

Tuanze na jina. Mnacheka, lakini jina ndo lilinikosesha mimi ufadhili mwaka wangu. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi, cheti cha fomu foo kinasema Mwana Hamisi, maneno mawili. Kwenu nyie ni jina lile lile ila kwa waliokuwa wanakagua ni watu wawili tofauti. Nikazunguka wiki 3 kwa wakili natafuta kiapo cha majina, nauli ya kukopa, nafika na karatasi yangu mkononi dirisha la maombi limefungwa juzi yake. Nililia stendi pale mpaka mama mmoja muuza maji akanikalisha kwenye ndoo yake. Sitaki hata mmoja wenu ayapate hayo.

Sasa angalieni kalenda yenu. Mtihani mwezi wa 5, alafu wengi mnaitwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria, matokeo yanatoka mwezi wa 7, wengine bado mko kambini na kule simu haishikwi ovyo, na hapo hapo madirisha ya vyuo na Bodi ya Mikopo yanafunguka. Kwa iyo mda wa kutengeneza vyeti ni huu, sio ule. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wale wakala wa serikali wanaosajili vizazi na vifo, kama mzazi kafariki na cheti chake cha kifo pia, yote yanafanyika mtandaoni. Na mkienda steshenari kujaziwa fomu naomba sana, barua pepe iwe yako na namba ya simu iwe yako au ya nyumbani, maana nimeona binti aliitwa kwenye intaviu ujumbe ukaenda kwa kaka wa steshenari ambae alishahama mji.

Ufadhili wenyewe haufanani. Samia Skolashipu iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023 ni ya waliofaulu juu kabisa masomo ya sayansi fomu siksi, pale kinachoongea ni matokeo, someni usiku. Ila kuna zingine kama ile ya Mastercard Foundation, ipo tangu 2012, inasomesha watu Makerere, Ashesi kule Ghana na vyuo vingine, hawa wanaangalia ufaulu, hali ya nyumbani, na umewafanyia nini wenzako. Hapo ndo insha inaingia na hapo ndo wengi wanaangukia.

Kuna kijana wa Pangani aliniletea insha yake, mstari wa kwanza kaandika "mimi ni kijana mchapakazi mwenye ndoto ya kuibadilisha Afrika". Nikamuuliza mdogo wangu, jana ulivotoka shule ulifanya nini? Akasema nilipiga hesabu za dagaa za mama. Hesabu gani? Akaenda kuleta daftari, kava limelowa mafuta. Tukaifuta ile insha yote, akaandika upya: "Mama yangu anauza dagaa. Nilipokuwa fomu tri nilianza kuandika kila anaekopa, mwezi wa pili tukagundua wakopaji ni 11 na wanaolipa ni 4." Mnaona? Sasa namuona mtoto kakaa kibarazani na kibatari anahesabu, na akisema anataka kusoma uhasibu namuamini, wala hajatumia neno kubwa hata moja. Najua insha zenyewe ni za Kiingereza, lakini we simulia kwanza kwa Kiswahili, mhadithie rafiki yako ukijirekodi kwenye simu, alafu ndo uhamishe, maana ukianzia Kiingereza unaishia kukopa sentensi za watu.

Barua ya mwalimu ni hivo hivo. "Ni mwanafunzi mwenye nidhamu" inamfaa kila mtu humu ukumbini. Mwalimu ana madarasa matano, hawezi kukumbuka yote, mpelekee karatasi moja umeandika ile siku ulifundisha wenzako titresheni ya kemia yeye akiwa likizo, na umpe wiki 3 sio kesho asubuhi.

Na mtu akikwambia tuma elfu 50 akushikie nafasi, kata simu. Nafasi ya ufadhili haiuzwi.

Haya, niliomba mje na cheti cha kuzaliwa na cha fomu foo. Vitoeni. Viweke pamoja mezani, jirani yako akusomee jina herufi moja moja, wewe ukiangalia kingine. Ambae herufi zimegoma kufanana aje hapa mbele, nina kalamu na nina orodha ya karatasi za kupeleka kwa wakili, siondoki mpaka wa mwisho.