Wadogo zangu wa udaktari, msisubiri skolashipu ndo muanze infomatiki ya tiba

Habari zenu ndugu zangu huko nyumbani, wadogo zangu mnaosoma udaktari leo video ni yenu. Meseji nyingi mnazonitumia zinauliza kitu kimoja, kaka hii infomatiki ya tiba inasomewa wapi na skolashipu zinapatikanaje, nitalijibu ila sio la kwanza, maana naona mnaanzia mwisho.

Mgonjwa akilazwa anaacha taarifa kila sehemu, presha iliyopimwa usiku, majibu ya maabara, dawa alizopewa, maelezo ya daktari wa zamu. Hii fani kazi yake ni kuzipanga hizo taarifa, kuzifanya zisomeke toka mfumo mmoja mpaka mwingine, halafu kuziuliza maswali ili mgonjwa anayefuata atibiwe vizuri zaidi. Mafundi wa kompyuta wapo wengi humo ndani, wanaopungua ni watu waliokanyaga wodi, yani nyie.

Ngoja niwaoneshe. Kuna data inaitwa MIMIC, ni rekodi za wagonjwa wa kweli waliolazwa ICU, wodi ya mahututi, pale hospitali ya Beth Israel Deaconess, Boston, majina yametolewa, inatunzwa na watu wa chuo cha MIT kwenye PhysioNet, tovuti ya data za tiba, na haina malipo. Ile MIMIC-III ina wagonjwa zaidi ya 40,000 wa kati ya 2001 na 2012. Sasa ukiifungua unakuta mtu kalazwa mwaka 2150, mwingine ana miaka 300! Sio makosa, tarehe zote zimesogezwa makusudi mtu asitambulike, na waliozidi miaka 89 umri wao umefichwa kabisa kwa sababu wazee wa hivyo ni wachache, ni rahisi kuwajua. Asiyesoma maelezo anapiga wastani wa umri na utafiti wote unaharibikia hapo hapo.

Hilo bado dogo. Unakutana na potasiamu ya damu 8. Fundi wa kompyuta anaona namba kubwa, anaifuta au anaiacha basi. Wewe unajiuliza, jamani sampuli hii ilikuwa imehemolaizi? Kipimo kilirudiwa? Kreatinini yake, kile kipimo cha figo, ikoje, na ECG ya moyo je? Kama imehemolaizi, yani chembe za damu zilipasuka kwenye chupa zikamwaga potasiamu yake, hiyo namba ni ya uongo, ila kama figo zimefeli basi ni ya kweli na huyo mtu alikuwa anakaribia kufa. Namba ni ile ile! Ukimfundisha kompyuta bila kutenganisha hayo mawili, kesho atamshauri daktari vibaya kwenye kitanda cha mtu halisi, na hili ndo linanifanya niwasisitizie hivi.

Kwaiyo anzeni sasa. Kuna kipande cha MIMIC cha wagonjwa 100 kiko wazi, hata usajili wa ziada hauhitaji. Jifunze SQL kwanza, lugha ya kuuliza data maswali, kwa sababu data iko kwenye majedwali, lugha za programu kama Python au R zitafuata. Ukitaka data nzima unafanya kozi ya mtandaoni ya CITI ya maadili ya utafiti, unasaini mkataba, na mkataba uuheshimu, humpi rafiki, huibandiki kwenye ChatGPT, hao ni wagonjwa wa watu.

Na msidhani haya mambo ni ya Marekani tu. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa unaotumika nchi nyingi, ulianza 2004 kwenye kazi ya watu wa taasisi ya utafiti ya Regenstrief kule Indiana, Marekani, na wenzao wa Eldoret waliokuwa wanahudumia wagonjwa wa VVU. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya, nayo inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Mifumo yote miwili msimbo wake (source code) uko wazi, unaweza kuusoma leo.

Haya, skolashipu. NLM, ile maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani inayotupa PubMed ya kutafutia makala za tiba, inafadhili mafunzo ya fani hii vyuoni kwa miaka mingi sana, lakini nafasi hizo za ufadhili ni za raia na wakazi wa kudumu wa Marekani, sasa mtu anaandika maombi usiku na mchana kumbe mstari wa sifa ulishamtoa. Soma huo mstari kwanza. Angalieni zaidi Fogarty, kituo cha Marekani kinachofadhili mafunzo ya utafiti wa afya nchi nyingine, pamoja na DS-I Africa, mpango wa sayansi ya data za afya Afrika ulioanza 2021, hizo zinafanya kazi na vyuo vya Afrika vyenyewe, ulizia kama chuo chako kimo.

La mwisho ni msimamizi. PhysioNet wenyewe ukiwa mwanafunzi wanataka jina la msimamizi wako, kwaiyo huyo mtu utamhitaji tu. Usimwendee na "dokta naomba utafiti". Mwendee na swali moja limeandikwa, wagonjwa gani, kipimo gani, unalinganisha nini na nini, na jedwali dogo ulilolitoa kwenye wale 100. Hata akikukatalia swali, muombe akuambie lina kasoro gani, lirekebishe, urudi.